Saa ya Kutoka ya Diwani Threlfall

Kuna watu husamehe kwa sababu wamechoka, na wengine husamehe kwa sababu wamesahau. Noreen Ollerenshaw hakuwa amechoka wala hakuwa amesahau. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka minne, Diwani Craig Threlfall alipofungua mlango wa chumba kidogo cha maktaba ya Aldershaw ili asikilize shida za wananchi, mtu wa kwanza kumwona kwenye viti vya kungojea alikuwa mwanamke huyo wa miaka sitini na mitatu, koti lake la mvua limefungwa mpaka shingoni, mkoba mapajani.

"Bi Noreen," diwani husema, "una shida gani leo?"

"Ile ile."

"Lile tulishalizungumza."

"Wewe ulizungumza. Mimi bado."

Basi hukaa naye dakika kumi, ambazo ni haki ya kila mwananchi, akimtazama tu. Dakika kumi zikiisha huondoka, ananunua mkate, anarudi nyumbani. Wapo waliosema amerukwa na akili. Mimi nasema alikuwa na akili zake zote, na zote amezielekeza kwa mtu mmoja.

Ilikuwa hivi. Noreen alizaliwa Aldershaw wakati viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa vinavuta pumzi za mwisho. Mama yake alikuwa msokotaji uzi, na ngurumo za mashine zilimla masikio hadi akawa anasoma midomo ya watu. Noreen mwenyewe alianzia kiwanda cha biskuti, akaolewa, akazaa binti mmoja, akaachwa mjane kabla ya kutimiza miaka thelathini. Jioni alikuwa hana la kufanya, na mtoto wake alikuwa anachafua nyumba, kwa hiyo akaanza kumpeleka kwenye ukumbi wa vijana wa Mtaa wa Chapel. Siku moja msimamizi hakuja. Noreen akachukua funguo, na hakuzirudisha kwa miaka ishirini na saba.

Mwaka wake wa kwanza mtoto mmoja alitoka ukumbini bila mtu kumwona. Kila mmoja alidhani yuko chumba kingine. Alipatikana mferejini baada ya siku mbili. Tangu hapo pakawa na daftari mlangoni, na meza, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mtoto, mzazi, askari, fundi bomba, hata padri, hakuna aliyepita bila kuandika. Meya mmoja aliwahi kucheka akidhani ni utani. Alisimamishwa kwenye mvua mpaka akaandika.

Craig Threlfall aliandika jina lake mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mwepesi wa kupiga, hasa siku za mishahara, na mtoto alikuwa anachelewesha kurudi kwao kwa kila hila aliyoijua. Noreen alimpa mkate wa kuchoma na maharage, akamfundisha kucheza snuka, mchezo wa mipira na fimbo mezani, na jioni zote ambazo safu ya kutoka ilisema saa mbili, alimwacha akae mpaka saa tatu huku akijifanya anahesabu viti. Miaka sita. Kwenye sababu ya kuja, kijana huyo alikuwa anaandika neno lile lile kila siku: "Nyumbani."

Huyo ndiye aliyekuja kuufunga ukumbi.

Sitaki kusema uongo, pesa zilikuwa chache kweli. Serikali ya London ilikuwa imeahidi wazazi saa thelathini za bure za malezi kwa watoto wadogo, na ikaziacha halmashauri na shule za chekechea zipigane zenyewe na gharama. Mwenye mtoto wa miaka mitatu ana kura. Mwenye miaka kumi na mitatu hana kura, na wazazi wake wamechoka. Diwani Threlfall, aliyekuwa ameshika idara ya watoto, aliliona hilo upesi. Akasimama barazani na taarifa ya wataalamu mkononi. Wataalamu, alisema, walikuja Agosti, shule zimefungwa, watoto wana kutwa nzima, tena wakaja mara mbili. Hawakumkuta mtoto hata mmoja. Tarehe taarifa haikuzitaja.

"Vijana wa leo hawako kwenye kumbi," alisema. "Wako mtandaoni. Na sisi tutawafuata hukohuko."

Noreen alipiga kelele kutoka roshani ya wananchi kwamba ni uongo, ana watoto sitini kila jioni. Akatolewa nje. Jumatatu iliyofuata likaja kontena la taka, vikatupwa viti, meza ya snuka, vikombe vya mashindano, na madaftari. Mvua ilikuwa inanyesha. Noreen na mlinzi wa ukumbi, mzee Seth Entwistle, walipanda ndani ya kontena, yeye na goti lake bovu na Seth na kifua chake, wakayatoa madaftari yote ishirini na saba, wakayapeleka nyumbani kwa Noreen kwa toroli. Diwani hakulijua hilo. Alipita jioni akapiga picha na kontena lililojaa, kwa ajili ya gazeti.

Badala ya ukumbi vijana wakapewa programu ya simu yenye kibonzo cha bundi anayecheka. Ilifanya kazi miezi saba.

Sasa nije kwa Lacey, maana bila Lacey yote haya yangekuwa hasira ya mtu aliyepoteza kazi tu. Lacey ni mjukuu wa Noreen, anaishi naye kwa sababu mama yake anafanya kazi kwenye meli za watalii. Alikuwa mtoto wa ukumbini tangu ana miaka minane, mwenye kelele, mpiga ngoma mbaya. Ukumbi ulipofungwa akahamia chumbani na simu. Humo akampata rafiki, mvulana wa miaka kumi na mitano aitwaye Jay, anayependa mbwa kama yeye. Waliongea miezi minne. Jioni moja Lacey, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza kumi na mitatu, akashuka kituo cha basi kumwona. Kwenye gari jeupe alikuwepo mtu wa miaka arobaini na moja, akimwita kwa jina. Lacey alikimbia mpaka duka la samaki na chipsi, na mwenye duka akafunga mlango, akaita polisi.

Walimkamata. Yuko jela. Lakini Lacey alipanda ngazi usiku ule na kwa mwaka mzima hakutoka nje ya nyumba. Shule ilimletea kazi kwa bahasha. Kila jioni, mara tatu, aliuliza kutoka juu, "Bibi, mnyororo wa mlango umefunga?" Na mara tatu Noreen alijibu, "Nimefunga, mwanangu."

"Yule wa gari yuko jela," Noreen alimwambia Seth. "Aliyemfungulia njia yuko gazetini anatabasamu."

"Noreen, huwezi kumfunga mtu kwa kutabasamu."

"Nitampata."

"Kwa lipi?"

"Sijui. Ila nitampata kabla sijafa, na kama nikifa kwanza nitarudi."

Na diwani naye hakukaa kimya ili amsaidie kusahau. Alifanywa mwenyekiti wa kamati ya usalama wa watoto mtandaoni. Uso wake ukabandikwa kwenye kuta za mji: Tuwalinde Watoto Wetu. Chama chake kikaanza kumtaja kwa ubunge. Bango moja lilikuwa mbele ya dirisha la Lacey kabisa. Noreen alilitemea mate mchana kweupe, mbele ya mwanamke mwenye kigari cha mtoto, na akamwambia yule mwanamke siku njema.

Kisha ikaja habari kwamba ukumbi wenyewe unatolewa. Kampuni ya chekechea itapewa jengo kwa miaka tisini na tisa, iingize watoto wa zile saa za bure ambazo serikali ilikuwa sasa inaziongeza. Kura ingepigwa Alhamisi ya pili ya Machi. Noreen hakuwa na kitu dhidi ya watoto wadogo. Lakini alijua ukumbi ukishaondoka hivyo haurudi, na Lacey hatakuwa na mahali pa kutokea akitaka kutoka.

Aliyeigundua silaha ya kumpatia Threlfall alikuwa Lacey mwenyewe. Kwa kukosa la kufanya alikuwa ameanza kuyasoma madaftari yaliyorundikwa chumbani kwake, akitafuta majina ya wenzake. Jumapili moja akashuka na lile la mwisho, akaliweka kwenye meza ya jikoni pembeni ya viazi.

"Bibi, kwani Threlfall alikuja ukumbini wiki ya Wakes?"

"Nani aje Wakes? Wakes hakuna mtu."

Na hapo lazima nieleze, ingawa kwa mtu wa Aldershaw ni kama kueleza maji. Tangu enzi za pamba kila mji wa upande ule una juma lake moja la kufunga kazi, ndilo Wakes. Mashine zilizimwa zote, moshi ukakatika, na mji mzima ukapanda treni kwenda kuona bahari. Viwanda vimekufa lakini juma halijafa. Kwa Aldershaw ni juma la pili la Agosti. Hupati kinyozi. Mwuza mikate anabandika karatasi. Na ukumbi wa vijana, kila mwaka, ulikuwa unabeba watoto wote na mahema kwenda Morecambe, ufukweni. Mgeni hawezi kujua, kwa sababu haliandikwi popote. Mwenyeji hawezi kutojua.

Noreen alivaa miwani; ukurasa wa Wakes hakuwahi kuutazama, maana siku zote huwa mtupu. Jumatatu, tarehe kumi na mbili Agosti. Mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa mwandiko wa mgeni, safi kama wa benki: Rupert Dacre, wa London, sababu ya kuja, kuhesabu mahudhurio, kuingia saa nne na robo, kutoka saa nne na dakika ishirini na tano. Wa pili ulisema C. Threlfall. Sababu ya kuja: kumsindikiza. Ile T yenye mkia mrefu kupita kiasi, ambayo Noreen aliijua tangu mwenye nayo hajaota ndevu. Alhamisi ya juma lilelile, mistari miwili mingine, watu walewale.

Akampigia Seth simu.

"Seth, wiki ya Wakes ya mwisho, ulibaki unapaka rangi. Alikuja nani?"

"Fundi wa paa. Si nilikwambia? Craig alimleta, akasema ni fundi wa paa. Nilifurahi, paa lilikuwa linavuja."

"Ukawaandikisha?"

"Noreen, unaniuliza mimi hivyo? Craig alikataa, akasema ni dakika kumi tu. Nikamwambia hata uwe mfalme."

"Walichoandika hukusoma?"

"Sikuwa na miwani."

Noreen aliweka simu chini, akakaa. Kwa hiyo Craig hakudanganywa na wataalamu. Mtoto wa mkate na maharage ndiye aliyempeleka mgeni kwenye ukumbi usio na watoto, kwenye juma analolijua yeye, akasimama pale akamwacha ahesabu viti vitupu. Alisikia furaha ikimpanda miguuni, furaha mbaya, na hakuionea haya.

"Nakwenda barazani," alisema. "Nitamrushia usoni."

"Bibi, watakutoa kama siku zote." Lacey alikuwa amekaa, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, kwenye kiti cha jikoni. "Si una haki ya swali moja la maandishi?"

"Moja, siku saba kabla. Halafu la nyongeza, papo hapo."

"La nyongeza hawalioni kabla?"

"Hawalioni."

"Basi la kwanza uliza kijinga. Uliza la kumpa ajisifu."

Wakaliandika pamoja, mjukuu akiandika na bibi akimenya viazi. Je, Diwani anaweza kulihakikishia baraza kwamba hesabu ile ilifanywa na wataalamu huru, katika wiki ya kawaida, bila kiongozi yeyote wa baraza kuwaingilia? Lacey aliongeza neno "tafadhali". Noreen akalifuta, kisha akalirudisha.

Alhamisi ikafika. Saa moja jioni roshani ilikuwa imejaa, kwani Noreen alikuwa amewaambia watu waje bila kuwaambia kwa nini. Wenye kampuni ya chekechea walikaa mbele na vijitabu vyao vyenye picha za watoto wanaocheka. Meya, Bi Pilkington, mwanamke wa Aldershaw aliyezaliwa juu ya duka la nyama, alisoma swali. Diwani Threlfall alisimama, akamtazama Noreen, akatabasamu kwa huruma kama mtu anayemvumilia shangazi mkorofi.

"Naweza kuhakikisha, tena kwa furaha," alisema. "Wataalamu walikuwa huru kabisa. Wiki walichagua wenyewe. Mimi sikuhusika kwa namna yoyote, hata hatua moja. Niliiona taarifa siku mliyoiona ninyi. Natumaini Bi Ollerenshaw sasa atapata amani."

"Bi Ollerenshaw," meya akasema, "una swali la nyongeza?"

"Ninalo, Mheshimiwa."

Akafungua mkoba. Daftari lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo, na alilifungua polepole, kona moja moja, na hakujisumbua kutazama uso wa diwani maana alitaka kuuona mara moja tu, ukiwa umeiva. Akasoma tarehe. Hakuwa amefika kwenye jina roshani ilipoguna.

"Ile si Wakes?" mzee mmoja akasema kwa sauti.

"Wakes hiyo!" wakaitikia wengine. "Wakes tupu!"

Meya hakugonga nyundo yake. Alikuwa amegeuka kumtazama diwani, na yeye pia alikuwa anahesabu majuma. Noreen akasoma mstari wa Rupert Dacre mpaka mwisho, pamoja na ile sababu yake, "kuhesabu mahudhurio". Kisha akageuza daftari, akalinyanyua.

"Swali langu la nyongeza ni moja. Mstari wa pili, mwandiko ni wa nani?"

Diwani alifungua mdomo. "Madaftari yale..." alisema.

"Yalitupwa," Noreen akamsaidia. "Najua. Niliyatoa."

"Sikumbuki siku hiyo."

"Hata mwandiko huukumbuki? Nina mwingine wako wa miaka kumi na mmoja. Nisome ulikuwa unaandika nini kwenye sababu ya kuja?"

"Usisome," akasema Craig Threlfall. "Tafadhali."

Ndipo Noreen akautazama uso wake, sawasawa, muda wote aliotaka. Hakusoma. Si kwa huruma. Neno lile hakutaka watu wengine walisikie, lilikuwa lake yeye Noreen.

Hoja ya jengo iliondolewa usiku uleule. Wenye kampuni walibeba vijitabu vyao. Wiki haikuisha Threlfall akaacha udiwani, chama kikamtafuta mtu mwingine wa ubunge, na bango la mbele ya dirisha la Lacey likabanduliwa na kijana mwenye ngazi ambaye Noreen alimpelekea biskuti. Ukumbi ulibaki umefungwa. Baraza lilisema litautazama upya, na Noreen akasema sawa, Jumamosi ana nafasi. Usiku wa Alhamisi ile alikula samaki na chipsi sahani nzima, akalala saa tisa mfululizo. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kukila kikiwa cha moto.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, mlango uligongwa. Noreen alifungua kiasi mnyororo ulivyoruhusu. Alikuwa Craig, hana mwavuli, mvua inamtiririka shingoni.

"Mama Noreen," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka ishirini na mitano. "Naomba niingie."

"Una nini?"

"Nimepoteza kila kitu. Kiti sina. Chama hawapokei simu zangu. Mke wangu kaenda kwa mama yake, watu wa gazeti wako nje ya nyumba. Sikudhani itafika huku. Pesa hazikuwepo, unajua hazikuwepo, ingebidi kufunga tu, nilitaka tu iwe rahisi. Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza..."

Noreen alikuwa anangoja. Alimwacha aseme yote, ya kiti, ya chama, ya mke, ya gazeti, na katikati ya maneno yote hayo alikuwa anategea sikio jina moja, na halikuja. Mji mzima ulijua habari za kituo cha basi. Mwenyekiti wa usalama wa watoto alizijua zaidi ya wote, faili lilipita mezani kwake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ngoja hapo."

Akaenda jikoni, akarudi na daftari na kalamu, akavitoa kupitia upenyo wa mlango. Uso wa Craig ulifunguka. Aliandika haraka, akikinga karatasi na mvua kwa mwili wake, kama alivyokuwa anafanya utotoni: jina lenye ile T, saa ya kuingia. Akalinyoosha kulirudisha, akasubiri mnyororo ufunguliwe.

"Na safu ya mwisho," Noreen akasema.

"Saa ya kutoka?"

"Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Saa yangu iko sawa."

"Lakini sijaingia."

"Najua."

Craig akaandika. Noreen akachukua daftari na kalamu, akafunga mlango, akasikia hatua zake mpaka geti. Hakujuta hata kidogo. Alisimama pale kuangalia kama atajuta, na hakujuta.

"Ni yeye?" Lacey alikuwa katikati ya ngazi, miguu ina soksi.

"Ni yeye."

"Kaniulizia?"

"Hapana, mwanangu."

Lacey akashuka mpaka chini. Hakuuliza habari za mnyororo. Alichukua daftari, akausoma mstari ule chini ya taa ya mlangoni, kidole kikifuata maandishi.

"Hakuandika sababu ya kuja," alisema.

Akachukua kalamu kutoka mkononi mwa bibi yake, akajaza nafasi iliyobaki kwa mwandiko wake mwenyewe: "Shida zake."